Sindano Aliyoikataa Mama Mkwe

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa kidole kabla ya kuikumbuka kwa kichwa. Hili gumba langu la kushoto, hebu litazame, ukucha wake umepinda kidogo upande mmoja. Mvua ikitaka kunyesha huwa linaniambia mapema, nami naanua nguo zangu huku majirani wakinicheka. Wakishalowana hawacheki tena.

Nilikuwa mke mbichi, sijamaliza hata mwaka ndani ya ndoa. Hamisi, babu yenu, alikuwa mfanyakazi wa reli enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha si zamani. Akipanda treni kwenda bara tunakaa wiki nyingi hatumwoni. Mie nikabaki Temeke kwa mama yake, Bi Zuhura, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Temeke yenyewe usiifikirie hii ya leo. Ilikuwa mikorosho na mihogo, na nyumba moja ukiiona, ya pili unaitafuta.

Mama mkwe nilimwogopa, wala sikufichi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nikimtabasamia, uso wake mkavu. Nikimpelekea shati la mwanawe alitie kifungo, ananirudishia, “Shona wewe.” Mchele akiuchambua yeye, tunatafuna mchanga, na mie nameza kimyakimya kwa adabu. Nikasema moyoni, mama huyu hanitaki, alikuwa na wake aliyemchagulia mwanawe. Moyo wa mtu ni msitu, mwanangu, na mie niliingia msitu ule bila kuuliza njia.

Basi asubuhi moja tukawa tunatwanga mpunga uani, michi miwili katika kinu kimoja, wake unashuka wangu unapanda. Kutwanga kwa kupokezana kunataka macho na masikio. Kwetu Mbagala nilizoea kutwanga na dada yangu. Mpunga ukipanda mdomoni mwa kinu, mmoja anaurudisha kwa mkono na mwenziwe akimwona anazuia mchi wake hewani. Hatukuwa tukisemezana, tunaonana tu. Nami siku ile nikaona mpunga unataka kumwagika, nikapeleka mkono kama nilivyozoea. Mama mkwe hakuzuia. Mchi ukashuka, gumba langu likabanwa kati ya mchi na mdomo wa kinu.

Sikupiga kelele, sauti ilikataa kutoka. Yeye alijua kwa namna mchi ulivyogonga. Akautupa, akanishika mkono kwa kuupapasa kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, akanivuta hadi kwenye mtungi wa maji ya kunywa akanitumbukiza mkono mle mle. “Pole mwanangu, pole, pole.” Mtungi wa maji ya kunywa, fikiria! Siku nyingine mtu akichotea kikombe kisichooshwa angefukuzwa. Nilikaa pale mpaka baridi ya maji ikautia ganzi mkono, kisha akanifunga kitambaa cha bafta na kuniambia niuinue mkono juu ya moyo, nisiuning'inize. Dawa ya kwanza ya ukucha uliopondwa ndiyo hiyo hiyo mpaka leo, maji baridi na mkono juu. Haina gharama na haina uchawi.

Kufika alasiri ukucha ulikuwa mweusi tii. Damu imejikusanya chini yake haina pa kutokea, na gumba linapwita kama lina moyo wake. Kama hujawahi kubanwa ukucha, mwanangu, usimcheke aliyebanwa. Ni kidole kimoja tu, lakini mwili mzima unahamia pale.

Jirani yetu Mama Chausiku akaja kunipa pole. Huyu alikuwa mtu wa huruma nyingi na mdomo mwingi zaidi. Akakitazama kidole, akashangaa.

“Mbona hujatobolewa? Bi Zuhura ndiye fundi wa sindano Temeke nzima! Mie mwenyewe alinitoboa nilipobanwa na mlango, nikalala usingizi siku ile ile.”

Nami sikuwa na habari. Kumbe mama mkwe alikuwa maarufu kwa jambo hilo. Anaichoma sindano ya kushonea kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, anaigusisha juu ya ukucha, ukucha unatoboka tundu dogo, damu inatoka na maumivu yanatoka nayo. Dawa ya moto ni moto. Watu walikuwa wakimjia kutoka Keko na Mtoni, mafundi waliojigonga nyundo na wanawake waliobanwa na milango.

Nikaenda kwake nimeinua mkono kama anayeapa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka.

“Mama, naomba unitoboe ukucha. Naumia.”

Akasema, “Mie sindano nimeacha.”

“Tangu lini, Mama?”

“Tangu nilipoacha.”

Hilo ndilo jibu nililopewa. Akainuka akaenda kunichemshia maji ya chumvi, akayaacha yapoe mpaka vuguvugu, akaniambia nichovye kidole. Nikachovya, machozi yananitoka, na si ya kidole peke yake. Nilijiambia, mtu aliyewaponya wageni wa Keko ananinyima mie, mke wa mwanawe, tena ukucha alioupondaye mwenyewe kwa mchi wake!

Mama Chausiku nilipomsimulia akapiga makofi ya mshangao. “Ndio hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Mtu anaona mkono kinuni na bado anashusha mchi? Rudi kwenu ukapumzike, mume akirudi atajua pa kukufuata.”

Maneno ya namna hiyo ukiyasikia una maumivu, yanaingia kama maji kwenye mchanga. Kesho yake asubuhi nikafunga kanga zangu na kipande cha sabuni katika furushi. Nilijua nikitoka vile, mume wangu hayupo, mkono umefungwa kitambaa, Mbagala nzima itasema nimepigwa na mama mkwe. Ndoa ikishasemwa hivyo hairudi ilivyokuwa. Nilijua, na bado nikalipandisha furushi kichwani kwa mkono mmoja.

Lakini nilikuwa nimelelewa. Kwetu mtu haondoki nyumbani bila kuaga, hata kama anaondoka kwa hasira. Nikaenda nikasimama mbele ya Bi Zuhura pale uani, karibu kabisa, furushi kubwa kichwani, uso umevimba kwa kulia. Nikasema, “Shikamoo Mama. Mie naenda.”

“Marahaba,” akasema, huku mikono yake ikichambua mchele kwenye ungo. “Nenda mwanangu. Ukirudi kutoka dukani upitie kwa Mama Chausiku, uniombee ndimu. Huna hamu ya kula, nataka nikutilie kwenye mchuzi. Na mkono usiushushe.”

Nikabaki nimesimama. Nilidhani ananikejeli. Nikautazama uso wake vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nije nyumba ile, maana siku zote nilikuwa nikitazama chini kwa heshima. Ulinielekea mie, lakini macho yalikuwa yametua mahali pengine, pembeni ya bega langu. Katikati ya macho yale palikuwa na ukungu mweupe. Mikono ikaendelea kuchambua mchele, jiwe dogo jeupe likampita chini ya kidole, likarudi kwenye mchele.

Hapo kila kitu kikaanguka mahali pake, tabasamu zangu zisizojibiwa, shati lenye kifungo, mchanga kwenye wali, mchi usiozuiliwa na sindano iliyokataliwa. Nikalishusha furushi chini taratibu ili lisitoe mlio. Nikaketi mbele yake.

“Mama, huoni?”

Mikono ikasimama. Kuku akaja kudonoa mchele kwenye ungo na hakuna aliyemfukuza.

“Naona mwanga,” akasema. “Naona mtu anapita. Nani, sijui mpaka aseme.”

“Hamisi anajua?”

“Ajue ili iweje? Mwanamke asiyeona anawekwa barazani kama gunia. Analishwa, anavikwa, haulizwi neno. Na wewe mgeni, umekuja juzi, nikuambie nini? Kwamba umeolewa upate mzigo?” Akafuta uso kwa ncha ya kanga. “Jana ulipoomba sindano nilitaka kufa. Mie ndiye niliyekuponda, nami ndiye ninayejua dawa, na mkono wangu siuamini tena. Ningekuchoma nyama.”

Nililia, mwanangu. Nililia kuliko siku ya kinu. Naye akanipapasa kichwa akasema, “Nyamaza. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.” Mie ndiye niliyekuwa nimebakiza kidogo nife moyo, nina macho yangu mawili mazima.

Kisha akaniuliza kidole kinasemaje. Nikamwambia bado kinapwita. Akasema, “Basi mkono wako wa kulia ni mzima, na macho unayo. Nitakuelekeza.”

Tukawasha makaa. Sindano tukaichomeka kwenye kipande cha bua la mhindi ili tuishike bila kuungua. Akanishika gumba la kushoto kwa mikono yake miwili, kwa nguvu, lisitikisike, nami nikaichukua sindano iliyoiva kwa mkono wa kulia.

“Katikati ya weusi,” akasema. “Usisukume. Iguse tu, moto ufanye kazi yake. Ukiona tone, toa.”

Nikagusa. Pakanuka ukucha unaoungua, harufu mbaya. Nikagusa tena, tone jeusi likachomoza, kisha damu ikaruka mpaka kwenye kanga yake. Sijui nikuelezeje raha ile. Kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nikaanza kucheka, naye akacheka, vicheko vya wanawake wawili uani mpaka Mama Chausiku akachungulia kwenye ua kuona kuna nini. Tukaosha kidole kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukafunga kitambaa safi. Ndimu ikaja, ikaenda kwenye mchuzi.

Ngoja nikuonye hapa, kabla hujapata tamaa ya kujaribu. Sie hatukuwa na zahanati karibu. Leo ukibanwa, tia kidole maji baridi, inua mkono, nenda kwa mganga mwenye elimu yake. Kama kidole kimepinda au usaha umeanza, usingoje hata kesho. Na akija mtu kukupaka mafuta ya taa au samadi, mshukuru kwa adabu na umfungie mlango.

Ukucha ule ukafa. Ukawa unacheza kila nikigusa kitu, nami nikataka kuung'oa, nikichukia sura yake. Mama mkwe akaupapasa akanikataza. “Uache. Chini yake kuna ukucha mchanga unaota, na huyu mfu ndiye kifuniko chake. Ukimng'oa kwa pupa, huyo mchanga atatoka kilema. Siku yake ikifika ataanguka mwenyewe.” Mie mjuaji nikaung'oa pembe moja kwa siri. Ndio maana ya kupinda huku unakokuona.

Katika miezi ile nikawa macho yake na yeye akawa kila kitu changu. Mchele nachambua mie. Mtu akija kwa mbali nasema kwa sauti, “Eeh, Mama Chausiku huyo, na kapu lake!” ili awahi kumkaribisha. Mama Chausiku akawa anasimulia mtaani kwamba Bi Zuhura siku hizi kachangamka, tangu alipomponda mkwewe. Kutwanga tulirudia, lakini sasa tunahesabiana kwa wimbo, na mkono haupelekwi kinuni mpaka mtu aseme.

Hamisi aliporudi tulimwambia pamoja, maana mficha maradhi, kifo humuumbua. Akampeleka hospitali, wakasema jicho moja limekwenda na jingine litafuata. Akarudi amenyong'onyea, akaanza kusema habari za kumpeleka mama kwa ndugu zake Kisarawe apumzike. Nikamwambia, mbele ya mama yake, “Akienda Kisarawe, nami nakwenda. Kidole kimoja hakivunji chawa.” Haikusemwa tena habari hiyo. Wagonjwa wa kucha wakarudi, akishika yeye mkono na kutoboa mie, na hakuna aliyepita njia akamwona Bi Zuhura amewekwa barazani kama gunia.

Ukucha ulianguka wenyewe nikiosha vyombo. Kwetu ukucha hautupwi ovyo, unazikwa. Nikampa. Akaupapasa, akachuchumaa, akachimba kwa kidole chake mwenyewe kando ya kinu, akaufukia na kulisawazisha vumbi. Tangu siku ile alikuwa ameniambia pole mara nyingi zisizo na idadi, lakini neno jingine hakuwahi. Mkiwa mama mkwe mtajua jinsi lilivyo zito. Akasema, akiwa bado ameinamia chini, “Nisamehe, mwanangu.”

Nikamwambia, “Kwani nani alitia mkono kinuni, Mama?”

Akanipiga kofi la mahaba begani. Akakosea, likanipata shingoni, tukacheka tena.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu wa nyumbani mwako akikunyima kitu ulichojua anacho, usifunge furushi kwanza. Kaa mbele yake, umtazame usoni, umuulize. Huenda hakunyimi, huenda hawezi, na anaona haya kusema. Hasira yako nayo ikishakufa usiing'oe kwa nguvu ili watu waone umesamehe, iache, chini yake kuna kitu kinaota.

Mungu akupe macho yanayouliza, na moyo usiowahi mlango. Vidole vyako avilinde. Na kama lazima kimoja kibanwe, basi akujalie wa kukushika mkono usitikisike, hata kama yeye mwenyewe haoni.