Mwonjaji wa Mabira

Hapa Mabira hakuna rubisi ya sherehe, pombe yetu ya ndizi, wanayomiminiwa wageni kabla mzee mwonjaji hajaipitisha. Hukigonga kibuyu kwa ukucha, hunusa, hupiga funda moja, hufumba macho. Kwaresima ikifika, kwa kuwa anafunga kweli, pombe ya watu ya Pasaka huionja vilevile, ila huitema shinani mwa mgomba asimeze hata tone. Ndipo husema kwa sauti yake ya kukwaruza, "Imeiva," au "Bado," na habishiwi.

Kwa hiyo Jumamosi Kuu Edvina, mwalimu wa watoto kanisani, alimpelekea mfuko wa mayai ya chokoleti kutoka supamaketi ya Bukoba, akihofia yasije yakawa yametiwa pombe.

"Shikamoo, baba. Nionjee kabla sijawapa watoto kesho."

"Marahaba." Mzee akaligonga yai moja kwa ukucha. "Tupu hili. Kuku wako kakupunja."

Akalinusa, akalimega, akafumba macho. Edvina akasogea pembeni, maana alijua kinachofuata. Taya za mzee zikazunguka taratibu, zikasimama, zikazunguka tena. Koo likapanda, likashuka. Hatimaye akaugeukia mgomba, akatema kwa kishindo kama kawaida yake. Kilichodondoka kilikuwa mate meupe pee.

"Vipi, baba, lina pombe?"

"Sijalielewa," alisema, macho bado kayafumba, kiganja kakinyoosha. "Nipe jingine."

"Baba, haya ni ya watoto!"

"Ndiyo maana. Watoto hawalishwi kitu cha kubahatisha."