Wali Mmoja, Karatasi Mbili

Siku hizi nikipita sokoni Kibaoni kuna watu wananiita "Madam Kunguni", na wala siwanunii, maana jina hilo nililitafuta mwenyewe mchana kweupe nikiwa na akili zangu timamu, kwa hiyo acheni niwasimulie ilivyokuwa kabla hamjaisikia kwa wanaoongeza chumvi.

Mimi nafundisha masoko kwenye chuo kimoja hapa Ifakara, na mada ninayoipenda ni tabia ya mteja, yaani kwa nini mtu anachagua hiki na kukiacha kile. Ukiieleza kwa maneno matupu wanafunzi wanasinzia, kwa hiyo Ijumaa ile nilipika wali nyumbani, mchele mmoja, moto mmoja, kisha nikaugawa kwenye sufuria mbili, moja nikaibandika karatasi iliyoandikwa "Mchele wa Ifakara" na nyingine "Mchele wa kutoka nje". Nilitaka waone wenyewe jinsi jina linavyobadilisha ladha mdomoni (zoezi zuri, hata leo nalitetea).

Sufuria ya pili niliiazima kwa Mama Salumu, ambaye ndiye ninayenunua mchele kwake siku zote. Sasa sufuria za huku kwetu zinazunguka misibani na harusini, kwa hiyo kila mtu anaandika jina lake ubavuni kwa rangi ya mafuta ili isipotee, na jina la Mama Salumu liko pale kwa herufi nyekundu ambazo hata aliye ng'ambo ya barabara anazisoma. Karatasi ya "kutoka nje" niliibandika juu kidogo ya jina hilo, wala sikuwaza lolote.

Wanafunzi wakaonja. Hawa ni watoto wa wakulima wa mpunga, kila mmoja anajiona bingwa. Petronila, binti wa Lumemo anayeongea kama wakili, alimung'unya kijiko cha "kutoka nje" akakunja uso.

"Madam, huu hauna harufu kabisa. Umelala."

Kulwa, aliyekaa nyuma yake, akadakia, "Nyumbani huu tunawapa kuku, na kuku wenyewe wanauliza kama kuna kingine."

Darasa likaangua kicheko, simu zikatoka, picha zikapigwa, na mimi nikajiona mwalimu kuliko walimu wote wa bonde hili. Ndipo nikafanya kauamuzi kadogo kalikoniponza. Badala ya kuwaambia palepale kwamba wali ni uleule, nikasema, "Jibu Jumatatu. Nendeni mkafikirie."

Hawakwenda kufikiri. Walikwenda kutuma picha.

Jumamosi asubuhi nikapeleka sufuria sokoni, nimeiosha inang'aa, nikashangaa meza ya Mama Salumu haina mteja hata mmoja. "Shikamoo mama," nikasema. Mama huyu ni wa umri wa mama yangu mzazi, lakini aliinuka kwenye kigoda chake, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo na wewe, Madam." Nilitamani ardhi inimeze. Jirani yake anayeuza dagaa akauliza bila kuniangalia, "Leo umekuja kununua, au kuonja?"

Kumbe picha ya sufuria yake, karatasi ya "kutoka nje" juu na jina lake chini, ilikuwa imefika kila mahali, pamoja na maneno kwamba Mama Salumu anachanganya mchele wa nje na wa Ifakara. Kamati ya kipaimara ya Lumemo, iliyomwagiza mchele wa sherehe ya kesho yake, ilikuwa imempigia kwamba watatafuta kwingine.

"Nimeshaupepeta wote," alisema, sauti iko chini. "Sijawahi kuchanganya hata kiganja. Niupeleke wapi sasa?"

Nikampigia Petronila aje haraka na mama yake, ambaye yumo kwenye kamati hiyo. Kisha nikaanza kumweleza muuza dagaa, nikamweleza na mpita njia, nikaona mmoja mmoja sitamaliza, basi nikaazima kipaza sauti cha yule kijana anayeuza dawa za wadudu, nikapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu, mimi ni mwalimu, kosa ni langu. Ule wali wa kwenye picha ni wa hapahapa Ifakara. Mchele wa Mama Salumu, nawahakikishia, ni..."

Hapo kidole kikagusa kitufe cha sauti iliyorekodiwa, na soko zima likasikia, "Kiboko ya panya, kiboko ya mende, kiboko ya kunguni na mayai yake."

Nilibonyeza kila kitufe, ikazidi kupanda. Wapagazi walitua magunia ili wacheke vizuri. Mama Salumu akanijia, nikajua leo napigwa, lakini alikichukua kile kipaza, akakizima, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Shuka, mwanangu, utaanguka."

Mwanangu. Nilikaribia kulia. Kisha akawageukia watu: "Amekosea, na amekuja kusema mwenyewe. Anayetaka kuonja asubiri, nabandika sasa hivi." Akawasha jiko la mkaa palepale, akapika kwenye sufuria ileile.

Petronila alipofika na mama yake, wali ulikuwa umeiva. "Mama, ulikuwa wali mmoja," alisema. "Nilidanganywa na karatasi." Mama yake akaonja taratibu, akaonja tena.

"Huu ndio uliosema umelala?"

"Ndiyo, mama."

"Basi aliyelala ni wewe." Akaita bajaji ije ibebe magunia ya kipaimara.

Mama Salumu angeweza kuninyima mchele na salamu maisha yangu yote, na nisingemlaumu. Badala yake, Jumatatu alikuja mwenyewe darasani, akakaa mbele, akawaeleza wanafunzi mteja aliyeondoka kwa maneno ya watu anavyouma. Nimemshukuru mpaka amenikataza.

Nami nimeweka nadhiri kwamba jibu halilali nje ya darasa langu. Juzi kengele ya chai ililia kabla sijalitoa, wanafunzi wakaanza kufunga mabegi, na nikiwa bado natafuta chaki nikasikia sauti kutoka mlangoni, "Kaeni chini. Hatoki mtu hapa mpaka Madam amalize." Alikuwa Petronila, ameuegemea mlango kwa mgongo.