Bustani Isiyomwagiliwa ya Wasila Zwawi

Kahawa ya kwanza haijamiminwa bado kwenye mkahawa wa bandarini, na Wasila Zwawi amekwisha kupiga magoti. Anazamisha mkono wa kulia mchangani, polepole, mpaka kiwiko kinapotea. Anafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo ulioangukia nyuma ya kabati.

Kisha anautoa. Vidole vinang'aa kwa unyevu.

"Maji yapo," anasema, akijipangusa kwenye aproni. "Sasa kama na viazi vipo, Mungu ndiye ajuaye."

Sauti inamjibu kutoka upande wa pili wa uzio wa matete. Ni ya jirani yake Bahija, mwanamke wa miaka sitini na ushei anayelima kipande kinachopakana na chake tangu kabla Wasila hajaota meno ya utu uzima.

"Ukivichokonoa kila asubuhi hivyo, binti Zwawi, vitazaliwa njiti."

"Shangazi, wewe hangaika na vitunguu vyako."

"Vitunguu vyangu havina kaka wa Tunis."

Wasila anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Kesho, Jumamosi, kaka huyo anakuja. Viazi vikiwa vya maana, bustani inabaki. Visipokuwa vya maana, itauzwa, na yeye atafunga virago arudi mjini.

Bustani yenyewe ni ukanda mwembamba wa mchanga ulioingia ndani ya wangwa wa Ghar el Melh, kaskazini mwa Tunisia, mchanga mtupu ambao mgeni angedhani unafaa kutandikia mkeka tu. Huku na huku maji ya chumvi yametulia. Nyuma yake mji mweupe umeegemea mlima, na paka wake, na ngome zake kuukuu, na wanaume wake wanaocheza karata kana kwamba kesho imeahirishwa.

Hakuna anayemwagilia hapa. Mvua ya majira ya baridi huzama mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni nyepesi kuliko ya chumvi. Bahari inapojaa huyainua maji hayo matamu mpaka kwenye mizizi. Inapokupwa huyashusha. Mara mbili kwa siku, bila mtu kugusa kitu.

"Bahari inanyonyesha," ndivyo Bahija anavyosema. "Inampa mtoto titi, inamnyima, inampa tena. Ndiyo maana viazi vyetu havina tabia mbaya."

Lakini mchanga lazima uwe na kimo chake. Ukiwa chini mno, mizizi inakunywa chumvi. Ukiwa juu mno, inakufa na kiu huku maji yakiwa chini yake. Kosa la upana wa kiganja linatosha kuua msimu mzima.

Wasila, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Hata hivyo akayaacha. Akiwa binti wa miaka ishirini alipanda basi kwenda Tunis na kuajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi. Mifuko tu, na suruali nzima hakuwahi kuishona.

"Watu walikuwa wakiniuliza, unafanya kazi gani? Nasema, nashona mahali pa kukalia," anasimulia. "Wanacheka. Mimi pia nacheka. Kisha naenda nyumbani, chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta."

Mshahara wake wa mwisho ulikuwa dinari mia tano na kidogo, na karibu nusu ililiwa na pango. Baba alipoanza kuugua kifua, yeye ndiye aliyerudi kumuuguza. Baba alipofariki, hakuondoka tena.

Si kwamba Tunis iko mbali. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, na Bizerte iko karibu zaidi. Kila mwisho wa juma wakazi wa miji hiyo miwili huja wakitafuta mahali pa kuegesha magari, kisha samaki wa kuchoma, kisha hewa. Wasila huwauzia viazi, maharage, na mikate ya tabuna anayobandika kwenye tanuri lake la udongo. Msimu mzuri na mikate hiyo humpa kiasi kisichopungua sana kile alichopata kiwandani, na nyumba ni ya urithi wa baba.

"Wanakuja na mwendo wao wa Tunis," anasema. "Wanatembea kama walioacha jiko likiwaka. Ikifika jioni wameshalegea, hata mkate hawaulizi umeiva lini. Wananiambia, dada, una bahati kuishi hapa. Nawajibu, chukueni jembe tugawane bahati."

Nasir, kaka anayesubiriwa, ni mdogo wake kwa miaka mitatu. Ni fundi wa viyoyozi mjini Tunis, baba wa watoto wawili, mtu mwema mwenye haraka. Bustani ni urithi wao wote wawili. Mwaka jana aliiletea zawadi.

Ilikuwa wiki ya upepo wa moto kutoka jangwani. Wasila alikuwa Bizerte kwenye hina ya binti wa binamu yake. Nasir alifika Ghar el Melh kupumzika, akapita bustanini mchana, akakuta majani ya viazi yamelala chini kama matambara. Moyo ukamwuma. Akaenda kununua pampu na mpira wa maji, akavuta kutoka kwenye bomba la nyumbani, akamwagilia siku mbili mfululizo.

Majani yakasimama. Akapiga picha, akamtumia dada yake: "Nimekuokolea mazao."

"Niliposoma, mikono ilikuwa na hina, sikuweza hata kumpigia kumtukana," anasema Wasila.

Kila mtoto wa mji huu anajua kwamba viazi vya mchangani hulala mchana na kuamka maji yakijaa. Nasir naye alijua alipokuwa mtoto. Mizizi ya viazi ilipoonja maji ya juu, ikapanda kuyafuata. Mpira ulipofungwa, juu hapakuwa na kitu, na njia ya chini ilikuwa imeisahau. Msimu ule Wasila alivuna viazi vya ukubwa wa zeituni.

Tangu siku hiyo Bahija hamwiti Nasir kwa jina. Anamwita Bwana Mvua.

Aibu humfanya mtu mwingine aombe radhi. Nasir ilimfanya atafute mnunuzi. Alisema mchanga umechoka, bahari imebadilika, mambo ya wazee yamepita. Akampata mtu wa Tunis anayetaka kujaza mawe pale, ajenge mkahawa wenye mandhari ya maji na uwanja wa magari.

Nasir hakatai kueleza. "Namwona dada yangu mgongo umepinda," anasema kwa simu, kelele za barabarani nyuma yake. "Peke yake, na ndoo ya mchanga kichwani. Nilitaka apumzike. Chumba kwetu kipo, watoto wanampenda. Ni kosa?"

Walibishana majira ya kiangazi yote. Mwishowe wakapatana: msimu mmoja.

"Aliniambia, vikitoka viazi vya maana, sifungui tena mdomo," Wasila anakumbuka. "Visipotoka, tunauza, nawe unakuja kukaa kwetu. Nikasema sawa. Nikaingia ndani nikalia kidogo, kisha nikatoka kutafuta ndoo."

Alikwangua tabaka la juu lililoharibika na kulitupa. Akabeba mchanga mpya, akausambaza, akausawazisha kwa ubao kama mtu anayelainisha kitanda cha mgeni. Akachanganya samadi. Akapanda mvua zilipokolea. Mpira wa maji wa Nasir aliukata vipande na kufungia matete ya uzio. Pampu akampa mvuvi mmoja anayeoshea mashua.

Mwezi Aprili upepo wa moto ukarudi. Majani yakalala.

"Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu," anasema. "Kubeba mchanga ni kazi, lakini mikono inajua. Kukaa tu ukiangalia? Nasir anapiga simu kila mchana: dada, mwagilia kidogo tu, nani atajua? Namwambia viazi vitajua. Nakata simu. Kisha naangalia ndoo."

Bahija alikuja kukaa naye mchana ule mbaya kuliko yote, na birika la chai na njugu. "Nilikaa juu ya ndoo yake," anaeleza Bahija. "Makusudi. Angetaka kuichukua, angeanza na mimi. Na mimi si mwepesi."

Jioni maji yalijaa. Jani moja likanyanyuka, kisha la jirani yake. Wanawake wawili wakamaliza chai.

Jumamosi Nasir anafika amevaa viatu vyeupe.

"Karibu, Bwana Mvua," Bahija anamwita juu ya uzio. "Leo umekuja na mawingu au mikono mitupu?"

"Shangazi, mwaka mzima sasa. Huchoki?"

"Nitachoka ukizeeka."

Nasir anambusu dada yake mashavuni, anatazama bustani, anatazama saa. Mnunuzi anasubiri simu yake kabla ya chakula cha mchana. Anachagua shina mwenyewe, lile la mwisho kabisa, ukingoni mwa maji. Wasila anamfuata. Anapitisha jembe dogo chini ya shina na kuliinua.

Viazi vitatu. Kikubwa kati yao kinatosha kufichwa ndani ya ngumi ya mtoto, na ngozi yake ina makovu ya chumvi.

Bahija anachungulia juu ya uzio.

"Dada," Nasir anaanza kwa sauti ya chini.

"Hapo mchanga umeshuka," anasema Wasila. "Mawimbi ya majira ya baridi yaliula. Njoo huku."

Anasogea safu mbili ndani, anapiga magoti, anachimba kwa mikono. Mchanga unafunguka. Viazi vinatoka vikiwa vimeshikana, vya manjano, safi kama vilivyooshwa, kila kimoja kikijaza kiganja. Anavilaza juu ya aproni bila kumtazama kaka yake. Anachimba shina la pili. Anachimba la tatu.

Nasir anavua viatu.

Wanachimba mpaka jua linapanda juu ya mlima. Safu zote za ukingoni ni hasara, na Wasila hazifichi. Anazitenga kwenye ndoo ya peke yake. Lakini sehemu kubwa ya ukanda imezaa kama enzi za baba, na makreti aliyoazima hayatoshi. Bahija anapitisha mengine mawili juu ya uzio, na kikapu cha nguo juu yake.

Simu ya Nasir inalia. Anaitoa kwa vidole vyenye mchanga, anageuka kuelekea majini.

"Ndiyo, bwana. Hapana. Samahani sana, haiuzwi." Anasikiliza. "Hapana, si suala la bei. Kuna viazi."

Anarudisha simu mfukoni. Bahija anasema anatumaini huyo bwana wa mkahawa atapata mahali pengine, ila pasiwe karibu na vitunguu vyake.

Wasila ameshaanza kuhesabu kichwani kazi inayofuata. Kabla ya mvua atainua ukingo ule kwa upana wa kiganja, apande matete kuuzuia mchanga usiliwe tena, na safu za mwisho aziachie maharage. Akipata nafuu, atajenga tanuri la pili la mkate, kwa kuwa wageni wa Jumapili wanazidi. Anataka pia watoto wa Nasir waje likizo ya vuli wabebe mchanga.

"Wabebe kwa vijikopo, haidhuru," anasema. "Nataka mikono yao ijue. Baba yao alisahau kwa sababu hakuna aliyemwita."

Nasir anasikia. Anapiga magoti kwenye shimo la shina lililokwisha kung'olewa, anakunja mkono wa shati, anauzamisha mkono mchangani mpaka kiwiko kinapotea, kama walivyofanya wote wawili walipokuwa wadogo.

"Sisikii kitu," anasema baada ya muda.

"Una haraka," Wasila anamwambia. "Bahari ndiyo kwanza inajaa. Kaa hapo."

Anakaa.