Ukungu wa Upande wa Kulia

Masele Shigela alikuwa mtu wa kuogopwa, si mtu wa kuogopa. Kama unabisha, nenda stendi ya Nyegezi ukaulize. Ameshika usukani wa basi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ruti ya Bukoba anaijua shimo kwa shimo, na mdomo wake, jamani, ule mdomo! Kila alfajiri ilikuwa lazima amgombeze utingo wake, Mihayo. "Wewe, kioo umefuta na nini? Huku kulia kote ukungu!" Mihayo anafuta, anafuta tena, kitambaa kinatoka safi vilevile, na bado anarudia kwa sababu mkubwa ni mkubwa.

Sasa mtu huyohuyo, alasiri ya siku yake ya mapumziko, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki huko Pasiansi, chumba cha gemu cha binti yake Precious, na jasho jembamba la hofu lilikuwa linamshuka mgongoni.

Jambo lenyewe lilianza kwa utani. Precious alikuwa na usukani wa gemu na miwani ya VR, lile dude jeusi unalovaa usoni ukajiona umo ndani ya gari la mashindano. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba picha ina chenga, barabara ya mbali haisomeki. Precious akaona amwite baba yake. Yeye ni dereva, avae miwani, aendeshe, binti arekebishe setingi mpaka mzee aseme barabara imekuwa barabara.

"Shikamoo baba. Leo unaendesha bila trafiki."

"Marahaba. Lete hilo dude lako."

Mwanzoni alifurahi kama mtoto. Akakata kona, akapiga honi ambayo haikuwepo, akawatukana madereva wa kwenye gemu kama anavyowatukana wa barabarani. Mara, kishindo! Gari limembamiza ubavuni.

"Huyu katokea wapi?"

"Alikuwa kulia kwako muda mrefu, baba."

Akaanza upya. Akagonga tena, kulia tena. Na tena. "Baba, wa kulia wote unawamaliza!" Precious akacheka. Masele naye akacheka.

"Ngoja, ni setingi tu," Precious akasema. Akazungusha kigurudumu kidogo kilicho chini ya miwani, kile kinachosogeza lenzi zikae sawa na mboni za macho. "Sasa?"

"Bado."

Akapandisha ukali wa picha mpaka feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. "Na sasa?"

"Kushoto safi. Kulia kuna ukungu."

Akapunguza vivuli na majani ya miti, ili nguvu yote ya mashine iende kwenye kuchora barabara. Ukungu uleule. Akafuta lenzi kwa kitambaa laini. Ukungu uleule. Mwishowe akaivaa mwenyewe, akageuza shingo huku na huku. "Mbona kwangu iko wazi? Hata vibao vya kule mbali navisoma." Akaitoa taratibu, akamtazama baba yake. Mteja akamwita nje, akatoka.

Masele akabaki na lile dude mapajani. Akajiambia hii ni mitumba tu ya Wazungu, lenzi ya kulia mbovu, basi. Halafu akawaza kidereva. Gari likivuta upande, unafanyaje? Unabadilishana matairi, la kulia unalipeleka kushoto. Mvuto ukihama, tairi ndilo bovu. Usipohama, ubovu uko kwenye gari lenyewe.

Akaigeuza miwani juu chini, lenzi ya kushoto ikae jicho la kulia, na ya kulia ikae kushoto. Akaivaa hivyohivyo, pengo la pua likiwa kwenye paji la uso. Alitegemea kuona barabara iko angani, lakini mashine ilikuwa na akili zake, barabara ikabaki chini pale pale. Akafumba jicho la kulia. Safi, vibao vyote vinasomeka. Akafumba la kushoto, akafumbua la kulia.

Ukungu haukuhama.

Mama yangu we! Akilini alimwona baba yake, mzee Ngosha, miaka ile, akitembea ameshikilia ncha moja ya fimbo na Masele mdogo ameshika ncha nyingine, anamwongoza kwenda chooni. Mzee naye alianza hivyohivyo, kwa kulalamika kwamba taa ya chemli ina moshi. Masele akamkumbuka Mihayo na kitambaa chake cheupe. Akakumbuka kesho alfajiri, daraja refu la Kigongo, ziwa huku na ziwa huku, malori yanayokuja yakipita upande wake wa kulia. Aliogopa, yeye Masele aliyeshika basi kwenye tope la masika bila kutikisika.

Aliposikia ndala za Precious, akaigeuza miwani haraka, akakaa sawa. Akaamua kwamba hatasema. Dereva asiye na macho ni nani? Ni mzee wa kuongozwa kwa fimbo.

"Nipe nikamilishe, baba," Precious akasema. Akaichukua, akaishughulikia kwa muda akiwa amempa mgongo, akamvalisha mwenyewe. "Haya. Ikoje?"

Masele akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. "Sasa umeipata. Safi kabisa."

"Pande zote?"

"Pande zote, mama. Acha hapohapo, usiguse tena."

Feni tu ndiyo iliyokuwa inavuma.

"Baba," sauti ya Precious ikatoka ndogo, "lenzi ya kulia nimeiziba kwa kitambaa. Mtu yeyote angepiga kelele."

Masele hakuivua miwani. Mle ndani, gari lilikuwa limesimama katikati ya barabara nzuri isiyo na mtu. Alitamani abaki humo.

"Mama amekata tiketi ya kesho," Precious akasema. "Anakwenda kumwona mama mdogo Bukoba. Aliomba kiti cha nyuma yako, anasema akikaa hapo ndipo anapata usingizi."

Getruda. Mkewe husinzia kabla basi halijafika darajani, kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi, hana habari na dunia. Masele akavua miwani. Akatoa simu, akaisogeza kwenye jicho la kushoto ili aone namba, na safari hii hakujificha. Akampigia Yakobo, msimamizi wa mabasi. Kuku wa jirani walikuwa wanapiga kelele dirishani, sauti yake ikawa haitoki vizuri.

"Yakobo, kesho tafuta dereva mwingine."

"Wewe? Toka lini wewe ukaumwa?"

"Jicho," Masele akasema. "La kulia."

"Unalia?" Yakobo akapaza sauti. "Masele, unalia? Kuna nini huko, nani amekufa?"

Masele akafungua mdomo amtukane kwa uziwi wake, kama kawaida yake. Lakini akajigusa shavu la kulia, akakuta limelowa kweli. Akamtazama Precious aliyekuwa amekichomoa kile kitambaa kwenye lenzi na kukikunja mkononi.

"Hajafa mtu, Yakobo," akasema. "Ndiyo maana nakupigia leo."