Nyar Kisegi Ashika Usukani Kigali

Emmaculate hushona sare za shule pale Kosele, katika chumba kinachotazamana na soko, na kwa miaka mingi watu walimjua kwa mambo mawili: kola zake hazipindi, na mumewe ni Gordon dereva. Hilo la pili ndilo lililotangulia. Gordon alianza kuendesha lori la samaki kati ya Homa Bay na Nairobi akiwa kijana wa masharubu ya kwanza, na magoti yalipoanza kumlalamikia akachukua basi la shule moja mjini Migori. Akipita sokoni wanamwita Kapteni. Ukimpa lifti, atakaa mbele na kukuelekeza namna ya kukata kona katika gari lako mwenyewe.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za masika, Emmaculate alifunga bunda la sweta za shule moja ya Masara, akalipakia kwenye bodaboda. Pikipiki ikateleza, bunda likalala matopeni, na sweta za buluu zikageuka kahawia. Alizifua zote. Alizianika kwenye kamba, kwenye ua, hata kwenye ua wa jirani, na alipokuwa akizikung'uta akaamua kwamba tangu hapo kazi yake ataibeba mwenyewe. Wiki iliyofuata akajiandikisha katika chuo cha udereva mjini Homa Bay. Hakumwambia Gordon. Si kwamba alimwogopa. Alijua tu kwamba Kapteni akisikia atataka kumfundisha yeye mwenyewe, na ndoa yao ilikuwa imevuka mengi, lakini hilo isingelivuka.

Alijifunza, akapita mtihani, akapata leseni, akajinunulia gari dogo kuukuu lenye rangi ya maziwa lala. Gordon aliichukua ile leseni akaigeuzageuza.

"Hii ni ya kuendesha ama ya kushonea?" akauliza, akacheka sana.

Emmaculate naye alicheka, maana kichekesho kilikuwa kizuri. Lakini tangu siku ile Gordon hakukanyaga ndani ya gari la mkewe. Kila mara alikuwa na sababu. Leo anaelekea upande mwingine, kesho anataka kunyoosha magoti, keshokutwa daktari amesema atembee.

Safari ya Rwanda aliianzisha Rael, mama mzazi wa Gordon. Rael ameishi kando ya ziwa maisha yake yote, na siku moja mjukuu wake Liz, binti wa Gordon na Emmaculate, ambaye ni muuguzi Kisumu, alimwonyesha kwenye simu picha ya Ziwa Kivu la huko Rwanda.

"Hilo si ziwa," Rael akasema. "Hilo ni bwawa. Ziwa gani limezungukwa na milima hivyo?"

"Dani, ni ziwa. Lina samaki," Liz akasema, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

"Samaki gani?"

Liz hakujua. Rael akamtazama vile nyanya anavyomtazama mjukuu aliyesomeshwa bure. Siku chache baadaye akatangaza kwamba hatakufa kabla ya kuonja huyo samaki. Liz alikuwa na likizo. Emmaculate alikuwa amemaliza msimu wa Januari, wakati kila mtoto anahitaji sare mpya, na mfuko ulikuwa umeshiba. Ni Gordon aliyekuwa mgumu, hadi aliposikia kwamba wakishuka kwenye ndege watakodi gari palepale uwanjani na kujiendesha wenyewe.

"Kumbe!" akasema. "Mngesema mapema. Kama dereva ni mimi, twendeni."

Wakaruka kutoka Kisumu hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kigali, Rael akiwa dirishani na kuyakosoa mawingu. Kwenye dawati la magari walipokewa na mama mmoja mchangamfu aliyejitambulisha kama Bi Goretti. Kiswahili chake kilikuwa laini na cha polepole, wakaelewana naye bila shida.

"Dereva ni nani?"

"Ni mimi," Gordon akajibu, akaiweka leseni yake juu ya dawati kwa kishindo kidogo.

"Kuna dereva wa pili?"

"Hapana."

"Yupo," Emmaculate akasema. Tayari alikuwa ameshaichomoa leseni yake kwenye pochi. "Tafadhali niandike na mimi. Pengine yeye atachoka."

"Nichoke?" Gordon akauliza. "Mimi?"

Bi Goretti aliangalia mume, akaangalia mke, akaandika wote wawili. Kisha akawapeleka nje kwenye gari jeupe lililooshwa likang'aa, akalizunguka na Gordon wakitafuta mikwaruzo. Hapo Gordon alikuwa katika raha yake. Alipiga magurudumu teke, akainama chini ya bampa, akagundua mkwaruzo ambao Bi Goretti mwenyewe hakuwa ameuona. Aliporidhika, akaupokea ufunguo, akafungua mlango wa mbele wa kulia, akaketi, akavuta mkanda.

Mbele yake hapakuwa na kitu, ila kidroo cha kuwekea karatasi.

Mikono yake ikabaki imeinuliwa kana kwamba amebeba sinia.

"Baba," Liz akasema taratibu, "usukani uko huku."

"Najua," Gordon akasema. "Nilikuwa najaribu kiti."

Ukweli ni kwamba Liz alikuwa amemwambia wakiwa bado Kosele, kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara. Gordon alijibu kwamba barabara ni barabara. Sasa akazunguka, akaketi kushoto, akawasha gari. Akataka kuonyesha ishara ya kutoka, na vipangusa mvua vikaanza kupiga kioo kikavu, kwi, kwi, kwi. Akavizima. Akajaribu tena. Vikarudi. Wakatoka uwanjani hivyo hivyo, jua limewaka, vipangusa vinafanya kazi.

"Mvua iko wapi?" Rael akauliza kutoka nyuma.

Mwanzoni mambo yalikwenda, kwa sababu kulikuwa na gari la mbele la kufuata. Gordon aling'ang'ania mkia wake. Lakini lile gari lilipoingia kwenye kituo cha mafuta, wakabaki peke yao, na mbele yao kukatokea mzunguko mkubwa wenye nyasi na maua katikati. Kwa mazoea ya miaka yote ile, mikono ya Gordon ikauvuta usukani kushoto. Mara wakaona pikipiki zikiwajia usoni, madereva na abiria wote na helmeti zao, kama kundi la ndege waliokosea njia.

"Baba!" Liz akapiga ukelele.

Gordon akakanyaga breki. Gari likasimama mdomoni mwa ule mzunguko, pua ikiwa imeelekea kusikofaa. Pikipiki zikawapita kwa ustaarabu. Nyuma yao magari yakaanza kupanga foleni. Hakuna aliyepiga honi, na hilo ndilo lililomuumiza Gordon zaidi. Nairobi wangemtukana, naye angewarudishia, na mambo yangeisha. Hapa walimsubiri tu kama mgonjwa.

Emmaculate, aliyekuwa kando yake, aliona shati la mumewe limelowa jasho kifuani. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemwona amekasirika, amelewa sifa, amefiwa, lakini hakuwa amemwona hivi. Akamwekea mkono begani.

"Rudi nyuma kidogo," akamwambia kwa sauti ya chini. "Polepole. Sasa kaa kulia. Sogea pale penye mti, usimame."

Gordon akafanya alivyoambiwa. Gari liliposimama, akaushika usukani vilevile kwa mikono miwili.

Ni Rael aliyesema. "Wuoda," akamwita, na kwa Kijaluo hiyo ni kusema mwanangu, neno la kubembelezea na la kuamrishia pia. "Shuka."

"Mama, nimezoea sasa. Ilikuwa tu ile kona."

"Sikukuzaa ili uniue ugenini. Shuka, umpe Nyar Kisegi."

Rael humwita Emmaculate hivyo tangu alipoolewa, binti wa Kisegi, na mara nyingi alilitamka jina hilo akiwa na dosari ya kutaja. Leo hakuwa na dosari. Gordon akashuka. Walipopishana mbele ya boneti alimkabidhi mkewe ufunguo, ingawa gari lile lilikuwa la kubonyeza kitufe na ufunguo haukuhitajika kuchomekwa popote.

Emmaculate akaketi. Kabla ya kuondoka alifikiria jambo moja. Mshonaji hushona nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Mkono wa kulia unakaa kushoto, na wa kushoto unakaa kulia, wala hatatiziki, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa. Basi mji huu nao umegeuzwa ndani nje, akajiambia. Tena yeye udereva wake ulikuwa bado mchanga, mikono haikuwa na mazoea mengi ya kubishana naye. Akatazama kushoto, mahali ambapo magari yangetokea, akaacha mawili yapite, akaingia mzungukoni kwa kulia, akazunguka, akatoka.

Nyuma Rael akapiga makofi.

"Tena!" akasema. "Zunguka tena nione!"

"Mama, tutachelewa," Emmaculate akasema, lakini alikuwa anacheka, na Liz pia.

Njia ya kwenda Kivu ni milima mitupu. Barabara inapanda, inajikunja, inashuka, inapanda tena, na kila kilima kimelimwa hadi kileleni. Emmaculate aliendesha bila haraka, kwa maana Bi Goretti alikuwa amewaonya kwamba kamera za mwendo zimejaa njiani na hazina huruma. Gordon alikaa kulia, mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo kila walipofika kwenye kona. Mara mbili alifungua mdomo kutoa ushauri. Mara mbili akaufunga. Walipokaribia mji wa Musanze akasema, "Hapo umebadilisha gia vizuri," na Emmaculate akasema ahsante, ingawa gari lilijibadilishia gia lenyewe.

Walifika Rubavu, mji wa kando ya Kivu, jua likiwa bado juu. Rael alishikwa mkono hadi ukingoni mwa maji. Akainama, akachota kwa kiganja, akanusa.

"Halinuki kama kwetu," akatangaza. Akatazama milima ya ng'ambo kwa muda mrefu. "Lakini ni ziwa. Dogo, ila ni ziwa."

Hotelini wakaletewa sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa lile, wamekaangwa wakakauka. Rael akamtafuna wa kwanza kwa uangalifu wa hakimu.

"Ni omena aliyeolewa mbali," akasema, akiwafananisha na dagaa wa kwao, akaisogeza sahani upande wake.

Jioni ile Gordon alitembea na mkewe kando ya maji.

"Pale kwenye mzunguko," Gordon akasema, "unajua nilichoogopa? Haikuwa zile pikipiki. Nilitazama kwenye kioo nikawaona nyinyi wote. Mama yangu, binti yangu, wewe uko hapa kando. Nikasema, haya, kitu pekee ninachokijua duniani kimenikataa mbele yao."

Emmaculate alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. Alikumbuka ile leseni ikigeuzwageuzwa, na kicheko, na sababu zote zile za kutoingia kwenye gari lake. Alikuwa amezidhania dharau. Sasa aliona kwamba nyingine zilikuwa hofu, hofu ya mtu mwenye kiti kimoja anayeona mwingine anakuja kuketi.

"Hakijakukataa," akamwambia. "Kimegeuzwa tu. Kesho asubuhi nitakuonyesha."

"Utanifundisha? Mimi?"

"Wewe Kapteni."

Kesho yake, kabla Rael na Liz hawajamaliza chai, wakaenda wawili kwenye barabara tulivu ya kando ya ziwa. Gordon aliwasha vipangusa mara tatu. Mara ya nne ishara ikawaka kweli, naye akapiga kelele ya furaha hadi mwanamke aliyekuwa akifagia njia akasimama kumtazama. Aliendesha kwenda, akageuza, akarudi. Akaelewa. Miaka yake ya lori ilikuwepo yote, ilihitaji tu mtu wa kumwambia kulia, kulia, kaa kulia. Siku ya kurudi aliendesha yeye hadi Musanze, akampisha mkewe aingize gari mjini Kigali, na hakuna aliyelazimika kumwomba. Bi Goretti akalizunguka gari lake, asipate mkwaruzo mpya hata mmoja.

Kosele, Gordon anaisimulia safari kwa namna yake. Katika masimulizi yake, yeye ndiye aliyeona mzunguko ni mgumu akaamua kumpa mkewe nafasi ya kujifunza. Rael akiwa karibu husema, "Wuoda, wacha uongo," kisha anaieleza upya tangu mwanzo, pamoja na vipangusa, na watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Gordon huachia tu. Hucheka nao.

Emmaculate anaendelea kupeleka sare mwenyewe, Masara na kwingineko, na sasa kuna shule mbili mpya zilizomwagizia. Mwezi uliopita alikuwa na safari ya kwao Kisegi kwenye harusi ya binamu. Alikuwa amekwisha kuwasha lile gari lake la rangi ya maziwa lala wakati Gordon alipotokea amevaa koti na kofia nzuri, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Hakueleza sababu, na mkewe hakumuuliza. Kabla hawajatoka Kosele alikuwa tayari amemwambia apunguze mwendo kwenye matuta, awaangalie mbuzi, asimfuate yule wa gari la probox karibu hivyo. Emmaculate alisema ndiyo, ndiyo, sawa Baba Liz. Njiani sauti ikapungua. Alipomtupia jicho, kofia ilikuwa imemshukia usoni, mikono imekunjwa tumboni, na Kapteni alikuwa anakoroma. Emmaculate akaifunga redio ili asimwamshe.