Bastola Mezani, Mkwe Ukutani

Mikono yangu iliharibika mapema. Nilianza kuchambua pamba kiwandani nikiwa bado nanyonyesha, na miaka ikaenda kazi ikiwa ileile, kunyofoa na kutupa, kunyofoa na kutupa. Vifundo vikavimba. Asubuhi za mvua, upepo ukitoka ziwani, nilikuwa siwezi hata kufunga kanga yangu, namwita binti anifungie. Jioni nikienda darasa la watu wazima nashika kalamu kwa ngumi, kama mwiko.

Ndiyo maana waliponihamishia getini nilisali rozari nzima ya kushukuru. Kiwanda kilitaka mwanamke wa kuwapekua wanawake wenzake wakati wa kutoka, maana wapo waliokuwa wanaficha pamba chini ya kanga, na mlinzi wa kiume hawezi kumpapasa mke wa mtu. Miguu ilichoka, lakini mikono ilipata kupumzika. Nikasema basi, hapa nitazeekea.

Halafu tukaambiwa kila mlinzi ajifunze bastola, wanaume kwa wanawake, na atakayeshindwa arudi kwenye pamba. Ilikuwepo moja tu, inakaa ofisini kwenye sanduku la chuma. Mimi silaha sikuitaka. Nilimwomba Mungu anisaidie kuishika, na asinipe siku ya kuitumia.

Kumbe mwalimu aliyeletwa kutoka mgambo ni mkwe wangu.

Alikuwa amemwoa binti yangu mkubwa, wanakaa Kisesa. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye nyasi, mimi natazama pembeni. Sasa huyo ndiye anifundishe bastola. Wenzangu aliwafundisha kwa kuwashika. Anasimama nyuma ya mtu, anamnyoosha mkono, anampanga vidole. Zamu yangu ilipofika alitoa magazini, kile kikasha cha risasi, akahakikisha hamna risasi ndani, akaiweka bastola mezani, akarudi nyuma mpaka ukutani akainamisha kichwa. Ndipo nikasogea nikaiokota.

Mzee mmoja, mlinzi mwenzangu wa getini, alikuwa amekaa kwenye benchi katikati yetu.

"Mzee, mwambie mama avute hicho chuma cha juu mpaka mwisho, halafu akiachie," mkwe alisema, akitazama viatu vyake.

"Mama, anasema uvute."

"Nimesikia."

"Amesikia," mzee akamjibu mkwe. "Jamani, leo nimekuwa redio, na betri hamninunulii."

Watu wakacheka. Mimi nikavuta. Chuma kilisogea kidogo kikarudi. Nikavuta tena, kidole gumba kikaniuma mpaka machozi yakanitoka. Wenzangu walikuwa wanakoki kama wanafungua soda.

"Mwambie asitumie vidole, hivyo vidole havina..." mkwe alianza, akanyamaza. Alikuwa ameitazama mikono yangu, na alijua hakutakiwa kuitazama. "Mwambie anisamehe. Aiweke karibu na tumbo, mdomo wa bastola uelekee kule mbele, kidole kikae mbali na kifyatulio. Kiganja chote cha kushoto kikamate chuma kwa juu. Halafu asivute. Asukume mkono wa kulia kwenda mbele, asukume na mwili."

"Mama, anasema ukamate kama shingo ya jogoo, halafu usukume kama mlango uliokwama."

"Mimi sijasema jogoo."

"Redio imeongeza chumvi."

Siku ile haikukubali. Tukarudia kila baada ya zamu, mimi nimechoka, yeye ukutani, mzee katikati. Kujaza risasi kulinishinda zaidi, kidole gumba hakikuwa na nguvu ya kubonyeza. Mkwe akaniambia kwa mdomo wa mzee niisimamishe magazini mezani, nikunje pindo la kanga juu ya kidole, nikandamize kwa uzito wa bega. Taratibu zikaingia.

Siku ya mtihani tulipelekwa kwenye shimo walikochimba udongo wa matofali. Mkuu wa ulinzi alikuja kusimamia, mtu wa mbali, hakuzijua mila zetu. Zamu yangu ilipofika niliiokota bastola kwenye meza waliyoileta pale.

"Afande, huoni mama anatetemeka? Mshike mkono."

Mkwe akainamia viatu vyake.

"Mzee, anangoja nini huyu?"

"Ni mama mkwe wake, mkuu."

"Hapa hakuna mama mkwe, hapa wote ni ndugu. Mshike, au naandika ameshindwa."

Nikaona buti za mkwe zinasogea hatua moja. Na yeye alikuwa na kazi asiyotaka kuipoteza. Akinigusa, wazee wa pande zote mbili wangeitana, na binti yangu angekaa katikati ya maneno hayo miaka mingi. Asiponigusa, mimi narudi kwenye pamba.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Bado sijashindwa."

Nikaileta bastola tumboni. Nikakamata kwa kiganja chote, nikasukuma kwa mkono, kwa bega, kwa kiuno. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Chuma kikaenda mpaka mwisho, nikaachia, kikarudi chenyewe kwa kishindo. Nikainyoosha kwa mikono miwili nikafyatua. Risasi nyingine zilitoboa karatasi ya shabaha, nyingine zikala udongo. Nikatoa magazini, nikakagua kama imebaki risasi, nikaiweka bastola mezani, nikarudi nyuma.

Mkwe akasogea akaiokota.

"Mzee, mwambie mama amefaulu."

"Mama, redio inasema umefaulu. Sasa redio inakwenda kunywa chai."

Jioni ile, nyumbani Mkolani, nilishindwa kusonga ugali. Tulikula viazi.

Jumapili baada ya misa binti yangu alikuja kutoka Kisesa na kikopo cha samli. Alichemsha maji, akakaa chini kwenye mkeka, akaichukua mikono yangu akaiweka mapajani mwake.

"Nimeambiwa nikukande."

"Na nani?"

"Mama na wewe! Si unamjua."

Akakanda kifundo kimoja kimoja, polepole, na mimi nimefumba macho. Sikusali. Jumatatu nilikuwa na zamu ya asubuhi.