Kitanda Kisicholaliwa

Wakikata kamba za belo la mashuka ya mitumba kule sokoni Gikomba, mimi husogea karibu hata siku ambazo sina haja ya kununua. Wengine hukimbilia kuchagua yasiyotoboka. Mimi husubiri pumzi ya kwanza inayotoka katikati ya belo likifunguka: harufu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi kupita kiasi, ikapigwa pasi ya moto, ikakunjwa kabla haijapoa. Muuzaji mmoja amenizoea sasa. Akiniona tu anapaza sauti, "Anti, leo unanunua ama umekuja kunusa?"

"Nimekuja kunusa."

"Kunusa ni bure, lakini usimalize."

Namwacha acheke. Nimefanya kazi nyingi na nimelala miji mingi tangu nilipoacha shule kidato cha pili, na bado sijapata mtu wa kumweleza kwamba hivyo ndivyo mama yangu alivyonukia. Mama za wenzangu walinukia moshi wa makaa, au samaki, au mafuta ya nywele. Wangu alinukia hoteli.

Hoteli yenyewe ilikuwa katikati ya mji, jengo kubwa la mawe la tangu enzi za wakoloni, na mama alikuwa mmoja wa wanawake waliotandika vyumba vyake. Nilipokuwa mtoto utukufu wake ulikuwa umeanza kuchakaa. Matajiri walikuwa wamehamia hoteli mpya za vioo, ila mtaani kwetu Kaloleni hakuna aliyejua hilo. Kwetu ilikuwa bado ni ikulu, na vipande vya ikulu hiyo vilihamia chumbani mwetu kidogo kidogo: kikombe chenye ukingo wa dhahabu kilichovunjika mkono, taulo lililochoka, sabuni nyembamba kama biskuti ambazo wageni walizitumia mara moja wakazisahau. Watoto wa mtaa waliniita Hoteli.

"Niaje, Hoteli? Leo kwenu menyu ni gani?"

"Sukuma wiki."

"Sukuma ya sahani ama ya trei?"

Nilicheka nao, maana jina lile lilinipa umuhimu fulani. Lakini jioni ilipofika, na mama zao wakatoka milangoni kuwaita mmoja mmoja wakaoge, mimi nilibaki mbele ya ukumbi wa mtaa mpaka nikakosa wa kucheza naye. Kisha nilikwenda kujiita mwenyewe.

Mama alikuwa wa zamu ya jioni. Aliondoka alasiri kabla sijatoka shule, na kwa kuwa kazi iliisha wakati njia si salama tena, alilala hukohuko katika chumba cha wafanyakazi, akarudi alfajiri. Baba alikuwa ametangulia Mombasa kutafuta kazi, na nadhani mpaka leo bado anaitafuta. Basi mimi na mama tulikutana asubuhi tu, kwa muda wa chai, yeye akivua viatu na mimi nikivaa vyangu. Usiku niliachiwa sikio la Mama Halima, jirani yetu wa ukuta mmoja.

Nilichokikuta kila nikirudi kutoka shule ni sufuria iliyofunikwa, na kitanda. Kilikuwa kitanda kimoja cha chuma, godoro lake limebonyea. Mama alikilalia mchana, lakini kabla ya kuondoka alikitandika kama cha mgeni wa ghorofa ya juu. Shuka lilivutwa likawa gumu kama ubao. Miguuni lilikunjwa na kuchomekwa chini ya godoro kama mtu anayefunga bahasha. Mto ulipigwa pigo moja la kiganja, ukabaki na kibonde katikati. Na upande wa juu, pembe moja ya shuka ilifunuliwa ikalazwa nyuma mshazari, ncha yake ikining'inia kidogo nje ya kitanda.

Sikulala kwenye kitanda kile. Nilikaa juu ya kigoda nikakitazama huku nikila. Katika kile kibonde cha mto niliona mkono wa mama, wazi kabisa, kama kwamba ameuondoa sasa hivi. Nilijua kwamba nikipanda tu, kila alichokigusa kitavurugika, nami nitabaki na godoro bovu katika chumba kitupu. Kwa hiyo nilitandaza gunia na blanketi kuukuu sakafuni, nikalala sambamba na kitanda, mkono mmoja nimeuinua nikishika ile ncha ya shuka. Asubuhi nilikunja gunia langu nikalisukuma uvunguni kabla mama hajaingia.

Sikujua kwamba mama alikuwa akikisoma kitanda chake.

Mtu aliyetandika vyumba vya wageni miaka mingi hatazami kitanda kama wewe na mimi tunavyokitazama. "Chumba kina mdomo," mama alizoea kusema. Na huko kazini kwake, kitanda kisicholaliwa kilikuwa na neno moja tu mdomoni: mgeni amelala kwingine. Wanawake wa vyumba walitakiwa kumwambia mkubwa wao mara moja, maana mtu wa namna hiyo huenda ameshaondoka zake bila kuaga.

"Nekesa, ulilala wapi?" aliniuliza asubuhi moja.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani, mama."

Nilisema kweli, lakini niliisema kama mwongo, macho kwenye chai. Niliogopa kwamba nikitaja sakafu ataniamuru nipande kitandani, na huo ndio ungekuwa mwisho wa mkono wake kunisubiri. Yeye naye aliona mtoto wa kike wa miaka kumi, katika mtaa wenye milango mingi, ambaye kila alfajiri kitanda chake kiko vilevile kilivyoachwa. Hakuniuliza tena. Alianza kunikagua: shingo, mikono, pindo la gauni, kama mtu anayetafuta doa.

Mama Halima alinitetea. Niliwasikia bombani nikiwa nyuma ya kamba ya nguo.

"Mimi namsikia akikohoa, Mama Nekesa. Mtoto yuko ndani."

"Wewe umesikia ukuta. Mimi nimeona kitanda."

"Kitanda ni chuma tu, dada yangu."

"Kitanda hakidanganyi."

Wiki hiyohiyo aliniletea sanduku la bati, jipya, la rangi ya samawati, akaliweka chini ya dirisha. Shule zikifungwa ningepelekwa Bungoma kwa nyanya, nami ningesomea hukohuko. "Kule kuna watu wa kukuona," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, jambo lililonitia hofu zaidi. Nyanya alikuwa mtu mwema, mwenye miwa na hadithi. Lakini Bungoma hakukuwa na kile kikombe cha chai cha asubuhi, mimi na mama magoti yakigusana. Hicho ndicho nilichokuwa nacho cha kupoteza, na sikuwa na kingine.

Jumamosi moja alibadilishana zamu na mwenzake akawa wa asubuhi, akaenda nami kazini. Alikuwa haniamini tena hata mchana. Tulikwenda kwa miguu, kupitia barabara ya Landhies, yeye mbele na mimi nyuma, na tukaingia hotelini kwa mlango wa uchochoroni ambako kabeji zilikuwa zikishushwa. Mkubwa wa wanawake wa vyumba, Madam Njambi, alinitazama juu ya miwani yake.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Madam."

"Asiguse kuta, asicheze na lifti. Na mgeni akimwona, hajazaliwa."

Basi nikaingia ikulu nikiwa sijazaliwa. Nakumbuka lifti yenye mlango wa vyuma uliokunjamana kama kinanda cha mkono, na ngazi za mbao nyeusi zilizonukia nta. Nakumbuka korido ndefu yenye zulia jekundu lililomeza kila hatua. Nilipiga mguu chini kwa nguvu kulijaribu, zulia likanyamaza. Sikuwahi kuwa mahali ambapo mtu anaweza kutembea na asisikike kabisa.

Mama alibisha hodi katika kila mlango, hata wa chumba alichojua hakina mtu. Ndani, kabla ya kugusa chochote, alisimama akasoma.

"Huyu ameoa," alisema katika chumba cha kwanza.

"Umejuaje?"

"Amelala ukingoni. Amezoea kumwachia mtu nafasi."

Chumba cha pili alicheka peke yake. "Hawa waligombana. Angalia mito ilivyokimbiana."

Nilianza kuufurahia mchezo ule. Nadhani hata yeye alikuwa amesahau kwa nini amenileta. Kisha tukaingia chumba ambacho kitanda chake kilikuwa kimenyooka, baridi, hakijaguswa. Mama alikitazama. "Na huyu?" nikauliza.

"Huyu hakulala hapa." Aliacha kukitazama kitanda akanitazama mimi. "Mtu akilala, Nekesa, hata akilala kidogo, mimi nitajua."

Nilitaka kumwambia. Badala yake nikageuka nikajidai kutazama pazia.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mgeni aliyekuwa njiani kutoka uwanja wa ndege. Niliutazama mkono wa mama ukivuta shuka, ukikunja, ukichomeka. Kisha ukaupiga mto pigo moja la kiganja, na kibonde kilekile kikabaki. Nilihisi kama nimeibiwa. Siku zote hizo nilikuwa nimelala nikikilinda kibonde kile nikidhani ni changu. Kumbe aliwapigia wote. Akafunua na ile pembe.

"Mbona unaikunja hivyo?"

"Ili mtu akifika amechoka asianze kupigana na shuka. Aingie tu."

"Na wewe utakuwepo akifika?"

"Aa, sisi hatuonekani." Akachukua ndoo yake akaenda kuleta taulo stoo, mwisho wa korido.

Usiku mwingi wa sakafu ya saruji ulikuwa umenichosha kuliko nilivyojua. Chumba kilikuwa kimya, jua limelala kwenye zulia. Usingizi ulinichukua mahali nilipozoea kuupata: chini, kando ya kitanda, mkono nimeuinua nikishika ile ncha ya shuka.

Nilipofumbua macho mama alikuwa ameketi kwenye zulia karibu nami, amevaa sare yake nyeupe, miguu ameinyoosha kama mtu aliye kwao. Taulo zilikuwa zimeanguka mlangoni. Alikuwa amenishika kifundo cha ule mkono ulioinuliwa, hakuushusha, ameushika tu. Madam Njambi alikuwa amesimama juu ya taulo.

"Mama Nekesa, mgeni yuko chini anaandikishwa. Mtoto ameanguka?"

"Hajaanguka, Madam. Amelala."

"Si kitanda kiko hapo?"

"Hataki kukiharibu," mama alisema. Kisha akarudia polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe. "Hataki kukiharibu."

Madam alitutazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Haya, mwinue kabla mgeni hajafuta viatu juu yake akidhani ni zulia," alisema, akainama mwenyewe kuokota taulo.

Tulipofika nyumbani mama alipiga magoti, akaingiza mkono uvunguni, akalivuta lile gunia. Alilitikisa nje, vumbi likaruka, akampelekea Mama Halima la kuwekea makaa. Sanduku la bati akalijaza unga wa mahindi. Shule zilipofungwa, basi la Bungoma liliondoka bila mimi.

Lakini Jumatatu, siku mbili tu baada ya ile ya hotelini, niliporudi kutoka shule nilikuta kitanda hakikutandikwa. Shuka lilikuwa limejikunyata, blanketi nusu liko chini, mto umesukumwa hadi ukutani, na katikati ya godoro kuna umbo la mtu aliyelala kiubavu akainuka. Nililia. Niliona ni adhabu: nimekataa cha kutandikwa, basi sitatandikiwa tena. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichobaki cha kulinda, nilipanda nikajilaza palepale penye lile umbo, na harufu yake ilikuwa bado iko. Nililala mpaka Mama Halima akagonga ukuta alfajiri, kabla mama hajaingia.

Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, na siku zote zilizofuata. Wanawake wa mtaa walipopita dirishani walichungulia wakacheka, kwa kuwa mama alikuwa maarufu kwa usafi.

"Wazungu unawatandikia," Mama Halima alimtania, "kwako kama kiota cha kuku!"

"Kuku wangu analala," mama alijibu.

Niliamini kwa miaka kwamba alikuwa amechoka tu. Hatukuwahi kulizungumza. Hoteli ilifungwa, milango yake ikapigwa mbao, mama akarudi Bungoma na mwishowe akazikwa huko, na mimi nikaanza kuzunguka kama ninavyozunguka hadi leo.

Kisha, kati ya kazi zangu nyingi, nilipata ya kutandika vitanda katika lojingi moja, nyumba ya wageni ya bei ya chini, huko Eastleigh. Sikukaa sana. Lakini haikuchukua muda mikono yangu ikawa si yangu tena. Nilinyoosha shuka la rafiki niliyemtembelea akiwa bado anavaa. Nilinyoosha kitambaa cha meza kwenye kibanda cha chai. Asubuhi moja, katika chumba changu cha kukodi, nilimkumbuka mama nikaamua kujaribu: niamke, nivae, niondoke, nikiache kitanda kilivyo. Nilifika mlangoni nikiwa nimeshika kufuli. Mikono iliniwasha. Nikarudi nikakitandika, nikakichomeka pembe zote, nikafunga nikaenda kazini.

Mama alikuwa na mikono hiyo kwa miaka mingi kuliko mimi. Na kila alasiri alifika mlangoni, akakiacha vile, akaenda.